Hatua ya 8 na Hatua ya 11

Ndugu wasikilizaji, mchezo niliopanga kwenye bao hili ulichezwa katika mashindano ya sataranji ya New York, mwaka 1918. Kete nyeupe anazo José Raúl Capablanca wa Kuba, nyeusi anazo Frank Marshall, bingwa wa Marekani. Mwaka 1909 Capablanca alimshinda Marshall michezo 8 kwa 1. Safari hii Marshall amekuja na jambo.

Ufunguzi, yaani hatua za mwanzo, ni ule wa Kihispania (herufi na namba hutaja mraba wa bao): askari e4, askari e5, farasi wanatoka, askofu mweupe anakwenda b5. Mpaka hatua ya 7 hakuna jipya. Hatua ya 8 Marshall anasukuma askari d5. Wanakulana hapo katikati, na vumbi likitulia ngome nyeupe imesimama e5, na mweupe amepata askari wa bure. Lakini tazameni upande huu: ngome ya a1, farasi wa b1, askofu wa c1. Kete tatu hazijatikisika! Marshall ametoa askari, amenunua muda.

Capablanca aliona kabisa kwamba anaingizwa mtegoni, akaingia. Hatua ya 13 farasi mweusi anaruka g4, kisha malkia mweusi anafika h4. Hatua ya 15 farasi yule anakula askari wa f2. Capablanca hamli, anasogeza ngome e2. Hapo mimi hunyamaza kila ninapourudia mchezo huu. Halafu mfalme mwenyewe anashika njia: f1, e2, d3, c2, huku malkia na askofu wa adui wakimwandama, na shambulio linakauka. Hatua ya 36 yamekwisha.

Ni rahisi kusema ufunguzi ndio ulioshindwa. Mimi nakataa. Turudi hatua ya 11. Ngome ilipomtisha farasi wa d5, Marshall alimrudisha f6, naye ndiye aliyekuwa ameshika katikati ya bao. Baadaye ikaonekana kwamba inatosha kumlinda palepale kwa askari c6. Askofu anakuja d6, malkia h4, na mweupe anahangaika muda mrefu na mfalme wake. Ndiyo maana ufunguzi huu unaitwa Shambulio la Marshall, kwa jina la aliyeshindwa. Hadi leo mabingwa wengi wenye kete nyeupe, wakifika hatua ya 8, huacha kusukuma askari c3 kama alivyofanya Capablanca. Hucheza a4 au h3, wasije wakakutana na d5 ile.