Mzinga Ukinyamaza Mapema

Wazee wetu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, shikamooni na hamjambo. Tuko Kisumu na mada ni mizinga, vifaru na ndege. Najua vijana wangetaka nianze na vifaru. Nitaanza na saa.

Tarehe 1 Julai 1916, bonde la Somme, Ufaransa. Kwa juma zima Waingereza walikuwa wamemwaga makombora kama milioni moja na nusu juu ya Wajerumani. Mengi hayakulipuka, na mengine hayakuwa na nguvu ya kufikia mahandaki ya chini kabisa. Asubuhi ile mizinga ikahamisha shabaha kwenda nyuma, Wajerumani wakapanda na bombomu zao, zile bunduki za rasharasha, na askari wa miguu wangali njiani, hawajafika hata kwenye seng'enge. Siku hiyo moja Waingereza 57,470 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Waliokufa ni 19,240. Makombora hayakuwa machache. Waliuawa na zile dakika kati ya kombora la mwisho na mguu wa kwanza kufika.

Baadaye dawa ikaenea. Waliosimama Dunga wameona mvua ikivuka ziwa kuja nchi kavu, ukuta mweupe unaosogea. Basi mizinga ilifundishwa kusogea hivyo: inapiga mstari mmoja, inangoja, inasogeza mbele mita kama 90, inangoja tena. Askari anatembea nyuma ya ukuta huo, karibu kiasi cha kupatwa mara nyingine na vipande vya kombora la upande wake. Makamanda walikubali hasara hiyo kwa macho makavu. Ukichelewa, ukuta unakuacha, nawe unabaki uwanjani na bombomu iliyoamka.

Kijiji cha Hamel, 4 Julai 1918, kinaonyesha kazi ilivyopangwa vizuri. Jenerali Monash wa Australia alikuwa na vifaru 60 vya kupigana. Ndege zilizunguka angani usiku ili ngurumo zake zifunike za vifaru vikijongea. Kulipopambazuka, ndege nyingine zikadondosha risasi kwa miavuli kwa wapiga bombomu waliokuwa mbele. Alikisia dakika 90, ikamchukua 93. Lakini mimi hunivutia zaidi vile vifaru vinne vya mizigo, vilivyopeleka mbele vitu ambavyo vingehitaji wabebaji kama 1,200. Mwaka huohuo, vita vya Afrika Mashariki vilikuwa bado vichwani na mabegani mwa Kariakor, wapagazi wa jeshi la Waingereza, na vijana wengi mno wa Nyanza hii walikuwa humo. Huko Ufaransa chuma kilibeba watu. Huku watu walibeba chuma.

Sasa tazameni hali pale msaada unapokosekana kabisa. Colito, Ethiopia, 19 Mei 1941. Kompania mbili za Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, zimevuka mto Billate, zimeshika kipande cha ukingo. Hazina mizinga ya kutosha nyuma yao wala kitu cha kuzuia kifaru. Vichaka vimeziba mbele, na ghafla vifaru vya Waitaliano vinatokea. Sajini Nigel Leakey alikuwa akipiga mota, kizinga kidogo cha askari wa miguu, mpaka makombora yakamwishia. Akarukia kifaru kimoja, akang'oa mfuniko, akampiga kamanda na wenzake kwa bastola, akamwacha dereva tu amwendeshee hadi mafichoni. Akajaribu mzinga wa kifaru kile, ukakataa kufyatuka. Akashuka, akaenda kuvizia vilivyobaki kwa miguu, pamoja na sajini-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Kifaru kingine kikampiga akiwa juu ya cha mwenzake. Alipewa Victoria Cross mwaka 1945. Maelezo ya nishani hayakuwataja majina wale watatu, na hilo hunikera kila ninapoyasoma.

Ushujaa ule ulitokana na mto. Mizinga ilikuwa ng'ambo.

Miaka mitatu baadaye, Burma, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika masika ya kule. Njia zilikuwa tope tupu, malori yalizama, na chakula na risasi vilikuwa vinadondoshwa na ndege. Ndege nyingine za jeshi la anga zilipiga ngome za Wajapani mbele yao. Mapema Desemba 1944 wakaingia Kalewa, na mbele yao mto Chindwin. Safari hii hawakuachwa na ukingo mtupu. Wahandisi walifunga daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la zaidi ya mita 350, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo hadi siku hiyo.

Vifaru na malori yakavuka kuelekea mji wa Mandalay. Askari wetu hawakuyafuata. Divisheni ilirudishwa India kupumzika.

Maswali sasa. Tuanze na mzee pale dirishani.