Ule Udongo Ulimiminwa Mara Mbili

Ile picha mmeiona. Waziri Mkuu wa Australia, Gough Whitlam, kavaa suti, anammiminia udongo mwekundu kiganjani mzee Vincent Lingiari, kiongozi wa Wagurindji, kabila la Waborijini, yaani wenyeji asilia wa nchi hiyo. Tarehe 16 Agosti 1975. Kila nikitaja ranchi ya ng'ombe ya Wave Hill, ambako Wagurindji waligoma 1966, mtu ananidakia: "Ah, ile ya udongo!" Basi, yamekwisha hapo.

Haya, tuanze na hiyo picha. Mpiga picha, Mervyn Bishop, naye Mwaborijini, hakuridhika na picha ya kwanza kwa kuwa sherehe ilifanyika kivulini. Akawaomba watoke juani warudie. Waziri Mkuu akachota tena, akamimina tena. Simcheki Bishop, picha ni nzuri, anga la buluu nyuma yao. Ila kama udongo ulihitaji kumiminwa mara mbili, na ardhi yenyewe je? Maana hati aliyokabidhiwa mzee siku ile ilikuwa ya kukodi, kilomita za mraba 3,236 hivi. Babu yako kazikwa humo, halafu unafanywa mpangaji! Umiliki kamili ulikuja 1986.

"Lakini si waligomea mishahara?" Hapo ndipo mnaponichosha. Wagurindji walikuwapo kabla Nathaniel Buchanan hajaleta ng'ombe mwaka 1883. Kampuni ya Vestey, Waingereza wa biashara ya nyama, ikaichukua ranchi 1914. Kwa miaka mingi ujira wa Wagurindji ulikuwa posho tu: unga, chai, sukari, nyama, tumbaku. Nyumba? Vibanda vya kuingia umeinama. Machi 1966 tume ya kazi ikaamua wachunga ng'ombe Waborijini walipwe sawa na wazungu, ila kuanzia Desemba 1968. Ingekuwa shida ni mshahara peke yake, si wangesubiri? Tarehe 23 Agosti 1966 watu kama 200, wake kwa waume na watoto, wakafunga virago wakaondoka nyuma ya Lingiari. Mwaka uliofuata wakajenga kambi Daguragu, kwenye ardhi yao ya jadi, wakamwandikia Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia nchini humo. Barua ile ilidai ardhi. Wakakaa pale mpaka huyo Whitlam alipowafuata.

Kuhusu mishahara nina mengine, nayaruka. Nisichokiruka ni mwaka 2020: mahakama ya shirikisho ilitambua haki zao za asili juu ya ranchi yenyewe ya Wave Hill, ile sehemu ambayo hati ya 1975 haikuigusa. Siku hiyo hakuna aliyemiminiwa udongo, ndiyo maana hamkusikia.