Tapeti za haidroliki au za kuseti? Amua kabla hujaagiza kemshafti

Mbukwenyi wadau! Leo tupo gereji, Kizota hapa Dodoma, na tumewahi makusudi. Hedi ikiwa wazi namna hii sitaki upepo wa saa nne unikute na vumbi lake.

Hii mezani ni hedi, yaani kichwa cha injini, ya 4G63, injini ya Mitsubishi Lancer Evolution. Mwenyewe anataka kemshafti kali, yaani shafti yenye nundu za kufungua vavu zaidi, na ameshaambiwa na watu kwamba bila tapeti za kuseti, zile ambazo uwazi wake unaupima na kuurekebisha mwenyewe, gari haitakimbia. Twende taratibu.

Kwanza, jua injini yako ilizaliwa na nini. Evolution ya kwanza mpaka ya tisa, zote 4G63, ni haidroliki. Ya kumi ina 4B11, hiyo ni ya kuseti. SR20DET nyingi za Nissan ni haidroliki. 4A-GE ya Toyota, ile ya vavu 16, ni ya kuseti kwa shimu, visahani vya chuma vya unene tofauti. Usibahatishe kwa kusikiliza mlio, fungua kava uangalie.

Kamera sogea hapa. Hiki kidude kidogo kama kidole ndicho wengi tunakiita tapeti. Kwenye 4G63 kinakaa kwenye hedi, rokaamu, mkono unaosukuma vavu, inaegemea juu yake. Ndani kuna pistoni ndogo, springi na kigololi. Oili ikiingia, kigololi kinaizuia isirudi, pistoni inabaki imeinuka na uwazi wote kati ya nundu na vavu unaliwa. Ndiyo maana haina cha kuseti. Naibonyeza kwa dole gumba... ona, ngumu kama jiwe. Hii nzima. Hii ya pili inadidimia, ina hewa. Kabla hujaitupa, izamishe kwenye dizeli safi, bonyeza kigololi kwa waya mwembamba huku unapampu mpaka mapovu yaishe. Ikiendelea kudidimia, hiyo imekufa.

Pili, jiulize mizunguko ya injini kwa dakika. Siyo unayoitamani, ni ile unayoifikia kweli. Springi za vavu zikishindwa kuirudisha vavu kwa wakati, unatokea uwazi wa ghafla. Tapeti ya haidroliki haijui kwamba ni dharura, inaujaza tu kwa oili kama kawaida yake. Vavu inabaki imeachama, nguvu inakatika. Injini za pushirodi, ambazo kemshafti iko chini na inasukuma vavu kwa fimbo ndefu, huanza kusumbua hivyo kwenye 6,000 mpaka 6,500 kwa dakika. Hii yetu, kemshafti ikiwa juu na springi zikiwa nzuri, inavuka 7,000 bila shida. Kwa hiyo wale waliomwambia jamaa haitakimbia, mimi sikubaliani nao.

Za kuseti zinashinda pale unapotaka nundu kali zaidi, springi ngumu zaidi, na mizunguko ya juu muda mrefu. Gharama yake ni kazi: kila baada ya muda unafungua kava na kupima. Kama fundi wako hana subira na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, achana nazo.

Tatu, na hapa ndipo watu wanaliwa hela: kemshafti na tapeti ni ndoa. Nundu ya kuseti imechongwa na mwinuko mpole mwanzoni, wa kumeza ule uwazi taratibu. Ukiiweka na tapeti za haidroliki, vavu inaanza kufunguka mapema na kuchelewa kufunga, na sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, inakuwa mbovu. Kwenye injini za pushirodi zenye tapeti bapa, zinazosuguana na nundu moja kwa moja, kuna kosa lingine, nililifanya mwenyewe zamani: kemshafti mpya, tapeti za zamani. Nundu mbili zililika ndani ya wiki. Mpya kwa mpya, pakaa grisi yake ya kufungia, na ikiwaka tu ishikilie 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika ishirini. Usiiache sailensi.

Kwa wa 4A-GE, pima injini ikiwa ya baridi, nundu ikiangalia juu. Vavu za kuingiza ni milimita 0.15 mpaka 0.25, za kutoa 0.20 mpaka 0.30. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi iliyobanwa na vidole. Tuseme ya kuingiza umepata 0.34 na unataka 0.20. Imezidi 0.14. Shimu iliyomo ni 2.60, jumlisha, unapata 2.74. Shimu zinapanda kwa 0.05, chukua 2.75, utabaki na 0.19. Basi.

Sasa jamaa yetu. Kazini ni Mtumba kila siku, wikiendi anapandisha Iringa kupitia Mtera. Oili huwa anachelewa kumwaga, amekiri mwenyewe. Nimemwambia abaki na haidroliki: kemshafti kali ya wastani iliyochongwa kwa haidroliki, springi mpya, na oili imwagwe kwa wakati, maana uchafu ndio unaoua hivi vidude. Amekubali. Nipe ule mkebe wa dizeli, tuna tapeti kumi na tano za kupima bado.