Tazama Mikono Kwanza: Taekwondo, Tang Soo Do na Hapkido

Habari zenu wadau, mlioko Dar, Mombasa, Bujumbura, karibuni tena. Leo nipo Yeoksam-dong, wilaya ya Gangnam, hapa Seoul. Lile paa la vigae mnaloliona nyuma yangu kule kilimani ni Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo, sanaa ya mapigano ya Kikorea, yaliyofunguliwa Novemba 30, 1972. Nimekuja hapa kwa sababu swali moja mnalirudia kila wiki: "Mtaani kwetu kuna klabu mbili, moja imeandika taekwondo, nyingine tang soo do, na mateke ni yaleyale. Si kitu kimoja?"

Kwa ukoo ni ndugu. Kwa mazoezi ni watu wawili tofauti kabisa. Ukitaka kuwatofautisha usihangaike na miguu, maana miguuni wote wanafanana kwa mbali. Tazama mikono.

Mchezaji wa taekwondo ya Olimpiki, ile inayosimamiwa na World Taekwondo, anashusha mikono mpaka kiunoni. Msimwite mvivu. Kanuni zake zinakataza ngumi ya kichwa. Ngumi inaruhusiwa kifuani tu, juu ya hogu, ile kinga nene ya kiwiliwili, na inalipa pointi 1. Teke la kifuani linalipa 2, la kichwani 3, na ukizunguka kabla ya kupiga unaongezewa. Nani atapoteza muda na ngumi hapo? Halafu kuna vihisi ndani ya hogu, kwenye helmeti na kwenye soksi. Ukipiga kwa sehemu ya mguu isiyo na kihisi, au nguvu isipofikia kiwango cha uzito wenu, ubao unakaa kimya hata kama ukumbi mzima umesikia mlio. Ndiyo sababu mnawaona wamening'iniza mguu wa mbele, wanachokoa, wanachokoa. Waliomtazama Faith Ogallo akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo wanaujua mchezo huu. Wapo wanaoulalamikia, na mimi nawaelewa, lakini mchezaji hufuata pointi ziliko.

Sasa njoo kwa ITF, shirikisho lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966. Huyu ndiye aliyelisukuma jina "taekwondo" likapitishwa mwaka 1955, akahamia Kanada mwaka 1972, na alipofariki mwaka 2002 shirikisho likabaki makundi matatu, kila moja likijiita ITF. Huku mikono iko juu, usawa wa mashavu. Ngumi ya uso inahesabiwa, hogu hakuna, wanavaa glavu na viatu vya sponji. Mgusano ni wa kujizuia, lakini ngumi ya pua ni ngumi ya pua. Mtu wa Olimpiki akienda kucheza huku bila kujiandaa, teke lake la kwanza litaingia vizuri, na kabla mguu haujarudi chini atakuwa ameshapigwa ngumi mbili za uso. Kosa lake ni kwamba amezoea kukaa karibu kabisa baada ya kupiga, kifua kwa kifua, mahali ambapo kwake ni salama.

Tang soo do nayo? Hebu tuseme ukweli ambao vipeperushi vingi hapa vinaukwepa. Utasoma habari za miaka elfu mbili na mashujaa wa Hwarang, wale vijana wapiganaji wa Korea ya kale. Lakini shule za kwanza, zile zinazoitwa kwan, zilifunguliwa kati ya mwaka 1944 na 1946 au karibu na hapo, na waasisi kadhaa walikuwa wamejifunza karate. Lee Won-kuk wa Chung Do Kwan alisoma Shotokan, mtindo mmoja wa karate, Japani. Choi pia alijifunza karate hukohuko. Na jina "tang soo do" ni matamshi ya Kikorea ya herufi zilezile ambazo zamani ziliandikwa kwa karate: mkono wa Tang, yaani wa China. Tang soo do iliyoenea zaidi inatoka Moo Duk Kwan ya Hwang Kee, iliyoanzishwa mwaka 1945, na yeye hakukubali shule yake imezwe na taekwondo. Baadaye aliita sanaa yake Soo Bahk Do, jina alilolitoa kwenye kitabu cha kijeshi cha Kikorea cha mwaka 1790.

Ushahidi uko kwenye kata, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa ambayo unaifanya peke yako. Mwanakarate wa Shotokan akiingia klabu ya tang soo do ataona Pyong Ahn, ambazo ni Heian zake mwenyewe, ataona Naihanchi, ataona Bassai. Mateke tu ndiyo yamepandishwa juu na nyonga inasukumwa zaidi. Taekwondo iliachana na kata hizo. ITF wana mifululizo yao, tul 24, ya kwanza ni Chon-Ji yenye miondoko 19. Kukkiwon, walio upande wa taekwondo ya Olimpiki, wana mifululizo 8 ya Taegeuk kabla ya mkanda mweusi. Na hapa ndipo wanaohama klabu wanapoumbuka. Mtu wa ITF amefundishwa mwili ushuke kidogo, upande, kisha uanguke pamoja na pigo. Akiipeleka mbinu hiyo kwenye Taegeuk anaonekana anadundadunda na anakatwa alama, kwa sababu huku kichwa hukaa usawa mmoja. Tena hatua yake ni ndefu: msimamo wa kutembea wa ITF una urefu wa upana wa mabega mara moja na nusu, na upana sawa na wa mabega, ilhali ap seogi, msimamo wa kutembea wa Kukkiwon, ni kama hatua yako ya kwenda dukani.

Chukueni teke moja tu, dollyo chagi, teke la kuzungusha. Kwa Olimpiki goti linapanda mbele moja kwa moja kama unataka kupiga teke la mbele, nyonga inageuka dakika ya mwisho, unagusa kwa sehemu ya juu ya mguu, pale zinapofungwa kamba za kiatu, na mwili unalala nyuma. Kwa tang soo do goti linakuja kwa pembeni, sambamba na sakafu, mgongo umesimama, vidole vimevutwa nyuma ili ugonge kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Usipovivuta vidole, utavivunja kwenye kiwiko cha mwenzako. Kote kuna sharti moja: mguu uliosimama lazima ugeuke mpaka kisigino kielekee shabaha. Usipogeuka, nyonga inakwenda na unyayo unabaki, na kinachojipinda katikati ni goti lako.

Hapkido, huyo ni binamu wa upande mwingine. Choi Yong-sool alirudi kutoka Japani baada ya vita, akafundisha Daegu, na msingi wake ni Daito-ryu, mtindo wa Kijapani wa kushika na kutupa, chimbuko lilelile la aikido. Hata herufi za jina ni zilezile. Hapa mikono haipigi sana, inashika. Umekamatwa kifundo cha mkono? Tanua vidole vyote, shusha kiwiko, sogeza mwili wako, kisha zungusha mkono kuelekea pale kidole gumba cha aliyekukamata kinapokutana na vidole vingine. Hapo ndipo mlango. Anayeanza huvuta kwa msuli wa bega, na mwenye nguvu zaidi anamshinda kila mara. Mateke yapo, mengi ni ya chini, pajani na gotini, jambo linalokupa adhabu kwenye taekwondo ya Olimpiki.

Ukijiunga na hapkido, wiki za kwanza dai ufundishwe kuanguka. Kidevu kifuani, toa pumzi, piga mkeka kwa mkono wote kuanzia kiwiko hadi kiganja, mbali kidogo na ubavu. Anayenyoosha mkono nyuma ajizuie asianguke ndiye anayevunjika kifundo. Mwalimu anayekutupa siku ya kwanza bila somo hilo, chukua begi lako uondoke.

Taekkyeon, sanaa nyingine ya mapigano ya Korea, nitaigusa tu, inastahili video yake. Ni ya kale kweli, UNESCO waliiorodhesha mwaka 2011, wanavaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, wanakanyaga kwa mdundo kwenye pembetatu, na unashinda kwa kumwangusha mwenzako au kumpiga teke la uso.

Kuhusu mikanda: ukiona mwalimu wa tang soo do kavaa bluu iliyoiva badala ya nyeusi, usidhani hajafuzu. Moo Duk Kwan ndivyo walivyo. Na mtoto chini ya miaka 15 kwa Kukkiwon hapewi dan, daraja la mkanda mweusi, anapewa poom, mkanda nusu mwekundu nusu mweusi. Kwa hiyo kabla hujalipa ada huko nyumbani, muulize mwalimu cheti cha dan kitatoka wapi. Akijibu "Korea" tu, mwulize tena: Kukkiwon au ITF, na kama ni ITF, ipi kati ya hizo tatu? Mkanda wa kundi moja si lazima utambuliwe na jingine, na watu hurudishwa kwenye mkanda wa rangi baada ya miaka ya jasho. Haya, geti linafunguliwa, naingia ndani na kamera.