Daftari Kabla ya Utepe: Kuukabidhi Mji Mkusanyiko wa Sanaa

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wetu, shikamooni.

Mwalimu wa sanaa akitaka kuwaachia watu wa Tabora picha na vinyago alivyokusanya maisha yake yote, sisi hukimbilia sherehe. Utepe unakatwa, picha zinatundikwa, na baada ya misimu miwili ya mvua hakuna ajuaye kigoda kile kilichongwa na nani. Kinachotangulia ni daftari, nalo liandikwe mwalimu mwenyewe akiwa ameketi pembeni, maana nusu ya mkusanyiko imo kichwani mwake.

Kila kitu kipewe namba, mfano 2025/1/14: mwaka, fungu, kitu chenyewe. Andikeni msanii, mahali, malighafi, vipimo kwa sentimita, kilivyopatikana, na kasoro zilizopo siku hiyo. Kwenye karatasi, namba ikae nyuma, pembeni, kwa penseli ya 2B. Wino hupenya hadi mbele. Selotepu msiiguse kabisa: gundi yake huzama kwenye karatasi na kuacha alama ya rangi ya chai isiyotoka.

Kisha hati ya zawadi. Ukiandika "nawapa wananchi," nani atasaini kupokea? Taja halmashauri, au bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Tena, kumiliki picha si kumiliki hakimiliki yake. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, hakimiliki hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kama mnataka kuchapa kalenda, ruhusa iandikwe humo humo, na kwa kazi za wasanii wengine muwaombe wenyewe.

Sasa wadudu, maana hapa ndipo tunapopoteza vitu. Geuza kigoda, kigonge taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mwepesi, na matundu yenye kingo safi, nyeupe, wadudu wangali wanakula. Tundu la zamani huwa jeusi. Kigoda kisichopakwa rangi kifungwe kwenye nailoni, hewa itolewe, kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Kikitoka, kisifunguliwe kwa saa 24; ukiharakisha, umande hutua juu ya mbao. Picha zilizochorwa msizigandishe, rangi hupasuka.

Hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ambayo mchoraji Edward Saidi Tingatinga na wanafunzi wake waliitumia sana, huvimba kingo ikigusana na ukuta wenye unyevu. Bandikeni vipande vya koki, lile gome laini la vizibo vya chupa za mvinyo, nyuma ya fremu ili hewa ipite. Ukuta uwe wa ndani, usiopigwa na mvua wala jua la dirishani. Rafu ziwe za chuma, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta, mchwa akijenga njia yake ya udongo ionekane. Na kila mwezi mtu mmoja, mwenye jina lililoandikwa daftarini, apite na tochi nyuma ya kila fremu.