Mgeni kwenye Turubai la Ulezi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie ndege wa uani. Nitamzungumzia mmoja tu.

Nyumbani kwangu Pasua, hapa hapa Moshi, mama mkwe alianika kimea cha ulezi kwenye turubai. Wanaopika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, wanajua: ukianika ulezi, umealika ndege wa mtaa mzima. (Kicheko.) Walishuka mishigi niliowazoea, dume jekundu karibu mwili mzima, jike la kahawia, na ubavuni vitone vyeupe kama waliorushiwa unga. Kati yao akatua mmoja mweusi tii. Mama akasema, "Chiriku huyo kaungua." Kwetu kila kindege ni chiriku, nami sina ugomvi na hilo.

Nilikosea kwa kukimbilia rangi. Alipogeukia jua, weusi ule ukatoa buluu, kama mafuta ya taa juu ya maji. Miguu ilikuwa ya rangi ya chungwa. Akawa anarukaruka akichakura kwa miguu yote miwili, kama kuku mwenye haraka. Kisha akapanda kamba ya nguo, akaimba. Nikageuka kumtafuta mshigi, maana wimbo ulikuwa wa mshigi! Aliyekuwa anaimba ni yule mweusi.

Huyo ni fumbwe. Jike lake halijengi kiota. Hutaga katika kiota cha mshigi na kwenda zake. Kinda wake hawaui wala hawasukumi nje watoto wa mwenye nyumba, wanakua pamoja. Kinda wa fumbwe akiachama, ndani ya kinywa ana madoa yanayofanana na ya kinda wa mshigi, basi mama mshigi analisha tu.

Na dume hujifunza kuimba kwa walezi wake. Ni kama mtoto wa Rombo aliyelelewa Machame: akifungua mdomo, unasikia Kimachame. Mtafiti Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alilelesha fumbwe kwa ndege wa aina nyingine, na madume yakakua yakiimba nyimbo za walezi hao. Jike naye akikomaa humfuata dume anayeimba kama alivyosikia kiotani. Hapo ndipo ninapovua kofia.

Msimu wa kuzaa ukiisha, dume hupukutisha manyoya meusi, akabaki wa kahawia mwenye michirizi, sawa na mkewe. Hapo hata mimi ninampita nikidhani ni shorewanda.

Nilipomweleza mama mkwe, hakushangaa. Alikung'uta turubai, akalikunja, akaniuliza: "Kwa hiyo yule wa michirizi niliyekuwa namfukuza na ufagio tangu mwaka jana, ndiye huyu?"

Haya, maswali.