Melaku Worede: mbegu ya benki na mbegu ya shambani

Ndugu zangu, leo namzungumzia mtu mmoja, Melaku Worede wa Ethiopia, kwa sababu kazi yake inajibu swali ninaloulizwa sana na wanafunzi: tukishakuwa na benki ya mbegu, yaani ghala la baridi la kuhifadhia mbegu, mkulima wa nini tena?

Melaku alisomea uboreshaji wa mbegu za mimea hadi shahada ya uzamivu huko Nebraska, Marekani. Mwaka 1979 akakabidhiwa kituo cha taifa cha rasilimali za kijenetiki za mimea, yaani benki ya mbegu ya nchi, Addis Ababa, akakiongoza hadi 1993. Na nchi yenyewe ni hazina. Shayiri ya Ethiopia ndiyo iliyowapa wakulima wa California jeni ya kuhimili virusi vinavyodumaza zao hilo. Waliomtunzia Mmarekani jeni hiyo mashambani, vizazi kwa vizazi, hakuna aliyewakumbuka.

Kisha ikaja njaa ya 1984. Hapa naomba tusikimbie. Kaya ikiishiwa chakula hula mbegu. Nafaka ya msaada ikifika nayo huliwa, na kiasi hupandwa. Lakini imetoka mbali, haizijui mvua za Wollo, kaskazini mwa Ethiopia. Kwa msimu mmoja tu, mtama uliochaguliwa tangu enzi za mababu unaweza kupotea. Melaku na wenzake wakaingia vijijini kuziokoa mbegu kabla hazijaishia chunguni.

Mwingine angezifungia kwenye baridi akapumzika. Yeye hakuona hivyo. Mbegu iliyokaushwa na kugandishwa hubaki kama ilivyoingia, wakati kutu ya ngano, ugonjwa wa ukungu, huko nje inabadilika mwaka hadi mwaka. Shambani ndiko mmea unakopambana nayo. Na shambani yupo mama anayepita kabla ya mavuno, anashika suke, analigeuza, anatazama punje zilivyojaa, analiacha, anakwenda kwa lingine. Huo ni utaalamu, hata kama hauna cheti. Wapo wenzangu wanaosema haya ni mapenzi ya mambo ya kale tu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Ndipo ukaja mpango wa Seeds of Survival, yaani Mbegu za Uhai, kwa msaada kutoka Canada. Aina za kienyeji zikarudi kwa wakulima wa mikoa ya Shewa na Wollo, wakawa wanazichagua bega kwa bega na watafiti. Mwaka 1989 Melaku akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood.

Karibuni maswali. Wenzetu wa Muguga, kwenye benki ya mbegu ya Kenya, waanze, tena wao nawauliza mimi: mbegu zenu zinarudije vijijini?